Muulize Mwalimu: Chikichi, Damu na Hesabu ya Robo

Toleo lililopita niliahidi kwenda kuzungumza na watu wa vinasaba, na nimekwenda. Nilishinda siku nzima Kihinga kwa watafiti wa michikichi, kisha jioni mbili nikazungumza kwa simu na daktari wa damu aliyeko Dar es Salaam, ambaye alipokuwa kidato cha pili alikaa dawati la mbele darasani kwangu. Barua zilizonisubiri hapa Ujiji ni nyingi, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: kilichomo ndani ya mzazi kinafikaje kwa mtoto? Nimechagua tano.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa Mahembe. Zaidi ya miaka minane iliyopita nilipata miche ya michikichi ya kisasa. Ilizaa vizuri mno, machikichi yenye nyama nene na kokwa jembamba. Nikaona sina sababu ya kununua tena, nikachukua mbegu kwenye mikungu bora na kuotesha miche 120 mwenyewe. Sasa imezaa, na nimeshangaa. Michikichi 58 ni kama mama yake. 47 imerudia kokwa kubwa gumu kama ile ya marehemu babu. Na 15 inatoa maua tu, mikungu inaoza ingali midogo. Jirani mmoja anasema shamba limetupiwa jicho. Mwingine anasema hizi mbegu ni GMO, zimetengenezwa makusudi zisizae mara ya pili. Nani mkweli?

Marahaba, ndugu yangu. Hakuna aliye mkweli kati yao. Wewe ndiye uliyefanya kazi ya maana, kwa sababu ulihesabu. Namba zako tatu nilizipeleka Kihinga zikiwa zimeandikwa nyuma ya bahasha yako, na mtafiti alipoziona aliomba kalamu, akapiga hesabu palepale tukiwa tumesimama kitaluni kati ya viriba.

Kwanza chukua panga lenye makali. Weka chikichi juu ya gogo, likate katikati kwa upana, kokwa na vyote. Ukikata lile la babu utaona ganda nene, milimita 2 hadi 8, na nyama kidogo ya kukamua mawese. Hiyo ndiyo dura. Ukikata la mama wa miche yako utaona ganda jembamba, na kulizunguka kuna duara la nyuzi nyeusi, kama mtu amedondosha vitone vya wino kwa ncha ya sindano. Hiyo ni tenera. Ile duara ya vitone ndiyo alama yake, wala usidanganywe na ukubwa wa tunda wala rangi ya ngozi. Aina ya tatu inaitwa pisifera. Yenyewe kokwa lake halina ganda kabisa, na mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Hiyo ndiyo michikichi yako 15.

Sasa siri yenyewe. Tenera haina asili yake peke yake, ni chotara wa dura na pisifera. Waliothibitisha hilo ni watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, mwaka 1941, huko Yangambi, ng'ambo yetu Kongo, ambako nao walikuwa wakiona shamba linageuka kama lako. Kila mchikichi hubeba maagizo mawili kuhusu ganda: moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa chavua. Tuyaite N, la ganda nene, na B, la bila ganda. Dura ni NN. Pisifera ni BB. Tenera ni NB, na ndiyo maana ganda lake liko katikati. Lakini tenera ikizaa, haigawi wembamba wake. Inagawa ama N ama B, nusu kwa nusu. Mbegu za tenera zikichavushwa na tenera mwenzake, robo inakuwa dura, nusu tenera, robo pisifera. Katika miche 120 ungetarajia kama 30, 60 na 30.

Wewe umepata 47, 58 na 15. Hapo ndipo mtafiti wangu alipotabasamu. Chavua ya michikichi hubebwa na vidudu vidogo, na vidudu haviulizi mpaka wa shamba. Ikitoka kwa dura ya jirani, mtoto atakuwa nusu dura, nusu tenera, na pisifera haitokei kamwe. Changanya hizo mbili sawasawa, yaani chavua nusu ya kwako na nusu ya majirani, utapata takriban 45, 60 na 15. Hivyo namba zako zimetuonyesha mbegu zako zilichavushwa na nani, na hakuna mtu aliyekuwa amesimama pale kuona. Angalia pia kwamba tenera imebaki nusu kwa njia zote mbili.

Nilionyeshwa jinsi mbegu halali inavyotengenezwa. Ua la kike la dura hufungwa mfuko kabla halijafunguka, vidudu visiingie. Likiwa tayari, chavua ya pisifera hupulizwa ndani kupitia kitundu, mfuko unafungwa tena, kibandiko chenye tarehe kinaning'inizwa. Mama anatoa N tu, baba anatoa B tu, kwa hiyo watoto wote ni NB. Baada ya miezi mitano au sita mkungu unaiva. Nilimwona dada mmoja akipanda ngazi na mfuko begani, akaukagua mshono wa ule mfuko kwa vidole, polepole, kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto. Tundu moja dogo tu, mkungu wote unakataliwa. Kwa hiyo unaponunua mche wa kisasa, ujue unanunua uangalifu wa vidole vile, na uangalifu huo huwezi kuurudia kwa kuokota mbegu chini ya mti.

Kuhusu GMO: hii siyo. GMO ni kiumbe aliyeingizwa maabara jeni, yaani agizo la urithi kama hizo N na B, mara nyingi kutoka kwa kiumbe wa aina nyingine. Hapa kwetu yalikuwapo majaribio ya mahindi ya namna hiyo Makutupora, Dodoma, yaliyoanza 2016, na serikali ikayasimamisha 2018. Mtu anayepinga GMO ana haki ya kusema, na mimi namsikiliza. Lakini tenera ni sawa na kumpeleka ng'ombe wako kwa dume la mwenzako.

Kuna jipya moja la kukupa moyo. Mwaka 2013 watafiti wa Malaysia, wakishirikiana na wa Marekani, waliitambua jeni yenyewe inayoamua ganda. Tangu hapo kipande cha jani, kidogo kuliko kifungo cha shati, kinatosha kupima mche ungali kwenye kiriba, badala ya kungoja miaka mitatu shambani kama ulivyongoja wewe. Kwa sasa, hiyo 15 ing'oe, inakula mbolea bure. Dura usiikatie tamaa, mise zake, yaani kiini cha ndani ya kokwa, zina soko. Na nafasi za hiyo 15 ziba kwa miche iliyotoka kwenye mfuko.

Mwalimu, mimi na mume wangu ni wazima kabisa. Mtoto wetu wa kwanza ni mzima. Wa pili, mwenye miaka minne, ana selimundu. Mama mkwe anasema kwao hakuna ugonjwa huo, hivyo umetoka kwetu. Sasa nina mimba ya miezi mitano. Shemeji yangu, ambaye amesoma, ananituliza kwamba madaktari husema ni mtoto mmoja kati ya wanne, na huyo mmoja amekwisha kuzaliwa, basi waliobaki watakuwa salama. Naomba ukweli. Mama wa wawili, Kasulu.

Mama mwenzangu, pole kwa usiku unaokesha, na hongera kwa huyo aliye njiani. Naanza na la haraka: shemeji yako amekosea, na kosa lake linatisha kwa sababu linasikika kama hesabu. Mimba haikumbuki mimba iliyotangulia. Huyu uliyenaye tumboni ana robo ileile aliyokuwa nayo kaka yake, na ukizaa wa tano, atakuwa na robo ileile. Nawajua wazazi waliozaa watatu mfululizo wenye selimundu, na wengine watano bila hata mmoja.

Soma jibu nililompa mkulima wa Mahembe hapo juu, kisha badala ya ganda weka damu. Kila mtu hubeba maagizo mawili ya himoglobini, ile inayoipa damu wekundu na kubeba hewa. La kawaida huitwa A, la selimundu huitwa S. Wewe na mumeo mna AS. Ni wazima, mnalima, mnabeba maji, hakuna anayewajua. Mnapozaa, kila mmoja anatoa A au S. Robo wanakuwa AA, nusu wanakuwa AS kama nyinyi, robo wanakuwa SS. Kwa mtoto wako awe SS, ilibidi S moja itoke kwako na nyingine itoke kwa baba yake. Hakuna njia ya upande mmoja.

Jambo hili siliandiki kwa kalamu tu. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa 1968, hapahapa Ujiji. Alipofikisha miezi minane mikono na miguu ilivimba, ngozi ikang'aa kama imepakwa mafuta, akilia usiku kucha huku mama akimkanda kwa maji ya moto. Zahanati tuliyokuwa tukimpeleka walimwandikia dawa ya malaria na ya minyoo, kila safari, kwa miaka mitano, bila kupima chochote. Alifariki 1974 msimu wa mvua. Ukoo wa baba ulimwambia mama kwamba damu yake ni mbaya, na baba aliingia kaburini akiamini hivyo. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilifungua kitabu cha biolojia nikaona mchoro wa chembe ya damu iliyopinda kama mundu, na chini yake maelezo ya mikono inayovimba. Likizo nilipofika nyumbani nilimkuta mama akichambua dagaa uani. Nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: "Na kwa baba yako pia?" Nikamwambia ndiyo, pande zote mbili. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kuchambua dagaa. Kwa hiyo nakuomba, mwambie mama mkwe kwa adabu, na kama ukipenda msomee ukurasa huu: aje mwanawe apimwe.

Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa ni tofauti na ya mzima, na baadaye ikajulikana kwamba ni herufi moja tu iliyobadilika katika DNA, yaani maandishi ya urithi tunayopewa na wazazi, yenye herufi kama bilioni 3. Herufi hiyo moja inafanya himoglobini zishikane na kujipanga kama nyuzi pale hewa inapopungua, chembe inapinda, inakwama kwenye mishipa myembamba, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Mtoto mchanga haonyeshi kitu kwa miezi kama sita kwa sababu bado anatumia himoglobini ya tumboni, ambayo haina kasoro hiyo. Kumbuka himoglobini hiyo ya tumboni, nitaihitaji kwenye barua inayofuata.

Na kwa nini S imejaa kwetu? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Kwa karne nyingi, kwenye mabonde na kando ya maziwa yenye mbu kama yetu, mtoto wa AS alipona pale mwenzake wa AA alipokufa, akakua, akazaa, akairithisha. Kwa hiyo S iliyomo kwako iliwahi kumwokoa bibi yako mmoja asiyejulikana jina. Ila sikiliza vizuri: kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS malaria inamuua upesi zaidi, na neti kwake ni dawa.

Mambo ya kufanya. Mtoto akizaliwa apimwe mapema, usingoje avimbe. Uliza ni kipimo gani, kwa maana kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapinda husema tu "S ipo", hakitenganishi AS na SS. Omba kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini. Akiwa SS, aanze penisilini ya kila siku akiwa na miezi miwili hivi hadi afikishe miaka mitano, apate chanjo zote, vidonge vya foliki, maji ya kunywa ya kutosha, na asiachwe kwenye baridi. Na huyo wa miaka minne, muulize daktari kuhusu haidroksiurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa 2019 ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, na kuongezewa damu, na malaria, na vifo. Ukiona homa kali, tumbo la kushoto kujaa ghafla, au upande mmoja wa mwili kulegea, usikande, nenda hospitali usiku huohuo.

Mwalimu, nasomea uuguzi Tabora mjini. Tumesikia selimundu sasa inatibika kwa kukata jeni. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

Ni kweli, mwanangu. Daktari wangu wa Dar es Salaam nilimuuliza hilohilo, akachukua nusu saa kulijibu, na sauti yake ilibadilika.

Chombo chenyewe kinaitwa CRISPR, ni kama mkasi unaoongozwa kwenda kwenye maandishi fulani ya DNA. Bakteria wenyewe huutumia kukatakata virusi. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha 2012 jinsi ya kuuelekeza tunakotaka, wakapata Tuzo ya Nobeli ya Kemia 2020. Mwaka 2019 Victoria Gray, mama wa Mississippi, akawa mgonjwa wa kwanza wa selimundu Marekani kutibiwa hivyo. Novemba 2023 Uingereza ikaidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba.

Watu wengi wanadhani wanarekebisha ile herufi iliyokosewa. Hapana. Unakumbuka himoglobini ya tumboni? Kuna jeni inayoizima baada ya mtoto kuzaliwa, jina lake BCL11A. Wanachukua chembe mama za damu za mgonjwa, wanaukata ule mtambo unaoiwasha BCL11A ndani ya chembe hizo, wanamrudishia. Himoglobini ya utotoni inaamka tena mtu akiwa na miaka thelathini. Haidroksiurea nayo huiamsha, kwa njia ya vidonge na kwa kiasi kidogo zaidi.

Lakini kabla ya kurudishiwa, uloto wote wa zamani, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huuawa kwa dawa kali za saratani, ambazo zinaweza kuondoa uwezo wa kuzaa. Na bei ya Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mtu mmoja. Nimeiandika namba hiyo na kalamu imesimama. Ugonjwa huu uko zaidi Afrika kuliko popote duniani, na watoto wanaozaliwa nao hapa Tanzania kila mwaka ni zaidi ya 10,000. Nasema wazi kwamba tiba isiyofika Kasulu bado haijakamilika, hata kama mkasi wake umepata Nobeli, na wanaoitengeneza wanapaswa kuulizwa hivyo kila wanaposimama jukwaani.

Kilicho karibu zaidi ni Dodoma. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, ukitoka kwa ndugu zao. Ndugu wa baba na mama mmoja hulingana uloto na mgonjwa kwa nafasi moja kati ya nne, robo ileile tena, na mtoaji anaweza kuwa AS, siyo lazima awe AA.

Na jambo ambalo muuguzi lazima alijue: aliyetibiwa kwa CRISPR amebadilishwa chembe za damu tu. Mbegu zake za uzazi bado zina S tu. Kila mtoto wake atapokea S. Kwa hiyo hata Casgevy ingeuzwa dukani kwa bei ya penisilini, bado mchumba wake angepaswa kupima.

Mtoto hafanani na mimi hata kidogo. Naweza kupeleka nywele zake kupima DNA kimyakimya? Urambo.

Hapana, ndugu. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 haikuruhusu kwenda mwenyewe na bahasha. Kipimo hufanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia kwa wahusika kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili, ili wahusika wote wajulikane. Sura si ushahidi: mtoto anaweza kumfanana mjomba wa bibi ambaye hujawahi hata kumwona. Kabla ya kuanza safari hiyo, kaa na mkeo mzungumze.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma darasa la saba Kibirizi. Boti za Gombe zinaondokea kwetu. Watafiti wanajuaje sokwe huyu ni mtoto wa nani, wakati jike huwa na madume wengi? Na ni kweli tunafanana nao damu?

Marahaba, mwanangu, swali zuri kuliko yote mwezi huu. Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960 aliweza kumjua mama tu, kwa kuwa mtoto hakai mbali na mgongo wake. Baba alikuwa fumbo kwa miaka arobaini. Kisha watafiti wakaanza kuokota mavi ya sokwe. Usicheke: kinyesi kinapopita tumboni kinakwangua chembe za utumbo, na ndani ya chembe kuna DNA yote. Anayeokota huvaa glavu, anangoja sokwe asogee, anachukua kidogo, anaweka kwenye kichupa na kuandika jina na saa. Hakuna sindano wala kumgusa mnyama. Mwaka 2001 walichapisha orodha ya akina baba wa Gombe kwa njia hiyo.

Na ndiyo, ukiziweka herufi zetu na zao sambamba, karibu 99 katika kila 100 zinalingana. Tofauti moja utaipenda. Wao wana kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, 48, sisi 46. Mbili za kwao, kwetu zimeungana zikawa moja, ile ya namba 2, na mahali pa kiungo panaonekana hadi leo. Ukipita Ujiji siku ya Jumamosi njoo na daftari la mistari na kalamu mbili za rangi, nikuchoree.